Bunduki ya Severina na Mchele wa Ukweni

Severina Kalinga, binti Eliezeri, mjukuu wa Selestini. Selestini huyo aliwabebea wawindaji bunduki begani kutoka Iringa hadi mbuga za Usangu, kwa miguu, masika na kiangazi, na hakupoteza hata risasi moja. Eliezeri alikuwa askari wa wanyamapori. Viboko wakiingia kwenye mpunga, watu walimkimbilia yeye. Naye Severina, mwenye darasa la saba lake lile la zamani, alirithi bunduki ya baba kwa leseni halali yenye jina lake, na alipofika miaka sitini na nane bado aliwashinda wanaume kwenye mashindano ya kulenga shabaha. Vizazi vitatu, hakuna mwizi aliyegusa bunduki iliyo mikononi mwao. Mpaka siku ile ya Makambako.

Walikuwa wanarudi Kihesa, Iringa, kutoka Mbeya, kwenye mashindano. Dereva alikuwa mkwewe Zabron, mume wa binti yake Faustina. Kijana mwema, mchapakazi, ila mdomo wake hauna kitasa. Severina alikuwa ameisafirisha bunduki kama alivyofundishwa: ndani ya sanduku refu lililofunikwa blanketi kuukuu, kwenye buti, mnyororo na kufuli vikiliunganisha na chuma cha tairi la akiba. Risasi zilikuwa kwenye bati dogo lenye kufuli, chini ya miguu yake. Na komeo, kile chuma kinachoingiza risasi, alikuwa amelichomoa, akalivisha soksi na kulitia kwenye kikapu chake. Baba yake alikuwa akisema, "Bunduki ikiibwa, damu ya atakayeuawa nayo itaulizwa kwetu." Hilo Severina hakulisahau hata siku moja.

Wakapita Iyunga kumuaga Atuganile, mama yake Zabron. Na wewe unajua kuaga ukweni kulivyo. Ukisema unaondoka ndipo vitu vinaanza kutoka ndani: gunia la mchele wa Kyela, mikungu miwili ya ndizi, jogoo aliyefungwa miguu.

Buti halikutosha. Zabron akaomba ufunguo wa kufuli, akalifungua, akalihamishia sanduku kiti cha nyuma, akalitupia kitenge juu.

"Zabron, baba," Severina akaanza, "hilo sanduku..."

"Mkwe!" Atuganile akadakia, mikono kiunoni. "Usije ukanirudishia mchele wangu. Au wa Iringa hamli mchele, mnakula ugali tu na kukasirika?"

Watu wakacheka. Severina naye akacheka, meno tu. Angemkaripia vipi mkwewe wa kiume, tena mbele ya mama yake mzazi, tena uani kwao? Hayo kwao hayafanyiki. Mama mkwe hampandishii mkwe sauti. Akalimeza neno lake, na neno likakaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mwanjelwa wakasimama Zabron anunue chaja ya simu. Muuzaji akachungulia ndani ya gari.

"Mnatoka msibani, bosi?"

"Msibani wapi! Tunatoka kwenye shabaha! Unamwona bibi huyu? Kawabwaga wanaume kumi na wanne. Na mtambo wenyewe huo hapo nyuma!"

Vijana wa pikipiki waliokuwa pembeni wakapiga mluzi. Severina akatazama mbele. Mwiba ukazidi kushuka.

Makambako wakaegesha mbele ya mgahawa. Severina alikuwa amebanwa, maana miaka sitini na nane si mchezo.

"Baba, kaa kwenye gari mpaka nirudi."

"Niko hapa, mama. Nenda bila wasiwasi."

Hakukaa. Alinusa nyama choma, akasema aagize mara moja. Dakika tano, labda saba. Waliporudi, kioo cha nyuma kilikuwa vipande vipande juu ya kiti, na sanduku halipo. Mchele haukuguswa hata punje. Jogoo alikuwa anawatazama.

Mama muuza maembe aliona pikipiki yenye watu wawili. Wote waliokuwa pale waliona. Hakuna aliyepiga kelele.

Kituo cha polisi, askari aliyekaa mezani hakumtazama Severina hata kidogo. Alimwuliza Zabron, "Mwenye bunduki ni wewe?"

"Ni mama."

"Basi mzee wake aje aandikishe maelezo. Mume yuko wapi?"

"Yuko makaburini Kihesa," Severina akajibu. "Umwite?" Akaweka leseni mezani, akaweka na komeo ndani ya soksi, akataja namba ya bunduki kwa kichwa, tarakimu zote saba. "Wameiba kitu kisichoweza kufyatua leo. Lakini mafundi wapo, na kesho ni siku nyingine. Andika, mwanangu, kalamu isilale."

Askari akaandika.

Wakashika njia ya Kihesa. Hasira ilikuwa imemjaa, na sehemu kubwa alijikasirikia mwenyewe: amelinda heshima ya ukwe, akaacha kulinda bunduki. Heshima gani inayomfunga mtu mdomo huku mwizi anafunguliwa mlango?

Faustina alipowafungulia na kusikia, aliketi chini palepale. Severina hakuketi.

"Zabron. Leo nakusemesha kama mwanangu wa kumzaa, na mama yako akisikia, asikie. Sanduku ulilitoa kwenye mnyororo. Mwanjelwa ukalitangaza. Makambako ukaliacha kwa ajili ya nyama. Nami nilikuona tangu Iyunga nikanyamaza, na la kwangu nitalijibu kwa Mungu. Sasa sikiliza. Kila Jumatatu utapanda basi hadi Makambako, uingie kituoni, uulize. Wakikuambia bado, unarudi Jumatatu nyingine. Hata mwaka. Hata mimi nikiwa nimezikwa. Mdomo uliotangaza Mwanjelwa ndio utakaouliza Makambako."

"Nimekubali, mama," Zabron akasema, kichwa chini.

"Namba utaishika kwa kichwa, maana karatasi hupotea. Sema."

Zabron akaanza. Tarakimu ya nne akakosea.

"Anza tena," akasema Severina.