Siku Mama Alipoisifia Lifti

Magoti ya mama yangu yalipokataa kabisa ngazi, daktari aliandika barua, nami nikaweka lifti ndogo nyumbani kwetu Temple Hills, huku ughaibuni, kutoka sebuleni hadi chumbani kwake. Mama ni mwalimu mstaafu wa Moshi. Anaishi kwangu na kunitegemea kwa kila kitu isipokuwa ushauri.

Msimu wa kodi ulipofika, mhasibu wangu, mama wa Kikenya asiyecheka ovyo, alinieleza kwamba gharama ya lifti inaweza kuhesabiwa kuwa ya matibabu na kunipunguzia kodi. "Lakini kama imeongeza thamani ya nyumba, hiyo nyongeza tunaitoa. Kinachobaki ndicho tunadai. Tafuta mthamini."

Kwa mara ya kwanza tangu ninunue nyumba, nikaomba mgeni aje aione ya kawaida tu.

Nilimweleza mama mara mbili: leo tusiisifie lifti. "Sawa, mwanangu," akaitikia. Kisha akaenda kuvaa kitenge chake cha kanisani.

Mthamini, kijana mmoja, hata hajamaliza kufuta viatu, mama ameshamwingiza kwenye lifti. "Sikiliza ilivyo kimya," alimwambia kwa Kiingereza cha darasani. "Majirani hawana kitu kama hiki!"

"Mama," nikamnong'oneza kwa Kiswahili, "si jana ulisema inatetemeka?"

"Jana hatukuwa na mgeni."

Nikamwonyesha mthamini mahali palipokuwa na kabati la makoti, tulilolibomoa kupisha lifti, ili aone tulichopoteza. Mama akadakia kwamba makoti yenyewe yalikuwa mengi mno. Mthamini akacheka, akaandika.

Alipoondoka nilimuuliza mama kwa nini amenifanyia vile.

"Ulitaka niiponde nyumba ya binti yangu mbele ya mtu baki? Kodi nitakuombea. Ila kuiponda nyumba, siwezi."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Miezi yote ile hakuwahi kuniambia kwamba lifti imempendeza. Ilibidi aje mthamini ndipo nisikie.

Ripoti ilisema lifti imeongeza thamani, lakini kidogo kuliko gharama yake. Tofauti ile, pamoja na gharama nyingine za matibabu, ilivuka kiwango cha chini kinachotakiwa na watu wa kodi, na mhasibu akaidai bila shida. Mama aliisoma ripoti hadi ukurasa wa mwisho, akavua miwani.

"Kijana ana adabu," akasema. "Ila nyumba hajui."