Domeni ya Marehemu Khamisi

Bazilio Nkunzimana, mkulima wa maharage wa Nyakitonto, ana tovuti. Haiuzi kitu, ina orodha ya watu. Kambi ya wakimbizi ya Mtendeli ilipofungwa, wengine walipelekwa kambi nyingine, wengine wakarudi Burundi, na familia zikagawanyika kwa namna ambayo fomu hazikuwa na nafasi ya kuieleza. Bazilio akaanza kuandika nani anamtafuta nani. Amefikisha watu mia nne na kumi na wawili. Thelathini na saba wamepatikana, wawili kati yao makaburini.

Kuchagua kampuni ya kumsajilia jina la tovuti, yaani domeni, kulimchukua wiki mbili. Za ng'ambo zilitaka kadi ya benki, na maswali yake ziliyajibu kwa heshima kubwa bila kumwambia kitu. Akachagua ya Dar es Salaam, iliyopokea malipo kwa simu na kuongea Kiswahili. Uamuzi wa busara. Kisha kwenye fomu, palipoandikwa "Mmiliki", akajaza jina na namba ya rafiki yake Khamisi, mwenye duka la vifaa vya ofisi Kasulu mjini. Khamisi alikubali. Kambini watu waliishi miaka na laini za simu zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha jirani. Kitu cha maana kiliandikwa kwa jina la mtu asiyeweza kuhamishwa. Bazilio alikuwa ameshapewa uraia zamani, na kitambulisho chake kilikuwa mfukoni. Hakikumjia akilini.

Mwaka huu Khamisi naye akahamishwa, kwa shinikizo la damu.

Taarifa za kulipia domeni zikaenda kwenye simu yake, na tovuti ikazimika. Kampuni ikamweleza Bazilio kwamba jina litahamia kwake ikipata barua ya familia, cheti cha kifo, na tarakimu sita zitakazotumwa kwenye namba ya marehemu. Zimebaki siku sita. Baada ya hapo yeyote anaweza kulichukua. Kusajili jina jipya kusingesaidia kitu. Waliorudi Burundi waliliandika lile la zamani ndani ya jalada la Biblia, na Biblia hazipokei marekebisho.

Tatizo lilikuwa Asia, mjane. Alikuwa edani, haonani na wanaume wa nje, na eda yake ilikuwa na wiki tisa mbele. Bazilio akaketi kibarazani, pazia katikati. Firdausi, dada wa marehemu, alisimama mlangoni ameshika simu ya kaka yake.

"Mama Yasmini, pole tena," Bazilio akaliambia pazia.

"Nimeshapoa. Barua na cheti Firdausi anavyo. Ila nijibu: kwa nini ulimwandika mume wangu? Wewe huna jina?"

"Ninalo. Ni mazoea tu."

"Mazoea!" Firdausi akacheka kwa pua. "Raia mzima, bado unajificha kwa jirani."

Asia akasema, taratibu, "Benki wamemfuta. Leseni ya duka wamemfuta. Luku ya umeme juzi wameibadilisha. Sasa na wewe umekuja kumfuta."

Bazilio alikuwa na hotuba juu ya watu mia nne. Hakuitoa.

"Ndiyo," akasema. "Nimekuja kumfuta."

Akapiga picha barua na cheti alivyopewa na Firdausi, akavituma kwa kampuni, kisha akabonyeza kuomba tarakimu. Simu mkononi mwa Firdausi ikalia. Tarakimu zile huishi dakika kumi, na pazia lilikaa kimya nne kati ya hizo. Firdausi aliziona tarakimu, angeweza kuzisoma. Akapitisha simu nyuma ya pazia.

"Yule mwanamke wa Kibondo anayetafuta watoto wake," Asia akauliza, "alikuwa akimpigia Baba Yasmini kila Ijumaa. Amewapata?"

"Bado. Majina yao yamo."

"Basi andika. Nane. Sifuri. Tatu."

Akasoma zote sita, akazirudia bila kuombwa. Kwenye kioo cha simu ya Bazilio pakatokea neno "Mmiliki", na chini yake jina lake mwenyewe, herufi zote. Alilitazama kwa muda, kama mtu aliyeitwa na polisi.

"Imekubali?" Asia akauliza.

"Imekubali."

"Lipia sasa hivi, basi. Na Ijumaa yule mama akipiga, nitampa namba yako."

Firdausi akafunga mlango.