Wiki Nne Ndooni

Mdogo wangu alikuwa fundi cherehani, na hakuinua macho kwenye kitambaa ila kwa ajili ya samaki wake. Tangi la kioo lilikaa mezani kando ya cherehani, na humo aliishi samaki mmoja mnene, rangi ya chungwa, tuliyemwita Bwana Mkubwa. Binti yake ndiye aliyemnunua kwa mshahara wake wa kwanza. Mwaka uliofuata binti akaugua, akafariki, samaki akabaki. Miaka tisa mdogo wangu alimsalimu samaki kila asubuhi kabla hajaja chumbani kwangu kuniamkia, nami nikimtania kuwa nimepokonywa ukubwa.

Sharti lake lilikuwa moja. Samaki mpya alikaa wiki nne peke yake kwenye ndoo nyeupe chini ya meza ya kukatia, na wavu wake na kikombe chake visivyogusa maji ya tangi. Alisema samaki huficha ugonjwa siku za mwanzo. Wiki nne zikipita hana doa, ndipo aingie tangini.

Siku moja nilimletea samaki wawili weupe, nimewapakata njia nzima kwenye mfuko wa maji. Alinishukuru sana, kisha akaivuta ile ndoo. Palikuwa na wateja wawili wanasubiri magauni yao, nikaona nimeaibishwa.

"Zawadi yangu mimi unaitia ndooni?" nikamwambia. "Kwani nimekuletea wagonjwa?"

"Dada, ni wiki nne tu."

Nikasema basi nitawarudisha nilikowatoa. Akanitazama, akalitazama tangi. Mimi ndiye niliyemlea tangu mama yetu atutoke, na hajawahi kunikatalia kitu. Akawamimina tangini.

Siku ya nane Bwana Mkubwa alitoka vidoa vyeupe kama chembe za chumvi. Mdogo wangu akatia dawa, akabadili maji, asishone siku tatu. Wapi. Siku ya nne ya dawa samaki alielea ubavu, mdomo wazi.

Nilingoja anilaumu. Ningeshukuru angenilaumu. Wateja walipouliza, alisema amekufa kwa uzee, huku mimi nimeketi palepale na kiburi changu.

Nawe unayefuga, mgeni aanzie ndooni, hata kama kaletwa na nani.

Kesho yake, kabla hata sijafungua dirisha, nikasikia mlango unagongwa. "Shikamoo, Dada," akasema. Hakuwa tena na wa kumsalimu kabla yangu.