Mabati Yangu Kumi na Nguruwe wa Marko

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, najua habari mmeshaisikia vijiweni, mmecheka, na aliyewasimulia ni Mzee Petro. Sasa isomeni kwa mwenyewe. Niliaibika, sikatai. Nilikaa kwenye matope ya nguruwe na kitenge cha kamati, mbele ya kwaya nzima ya akina mama. Lakini kama mnangoja niseme ninajuta, mtangoja sana.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya kuchangisha ya kile chama chetu cha Kikristo kinachowajengea nyumba wasio nayo. (Shule niliishia darasa la tatu, lakini kuomba watu mchango hakutaki cheti, kunataka uso mkavu.) Safari hii tulikuwa tunamjengea Paskalina, mjane wa hapa Bagara, anayelala na watoto wanne kwenye jiko la jirani. Kuta zilishasimama, za tofali mbichi, mabati yalikuwa yamepungua kumi, na wingu lilishaanza kukaa juu ya mlima Kwaraa kila jioni. Tofali mbichi zikinyeshewa bila paa zinarudi kuwa udongo, hilo hapa hafundishwi mtu.

Basi Jumapili baada ya ibada tukasimama nje kuomba ahadi, watu wakaanza kuangalia viatu vyao. Mzee Petro, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akanyoosha mkono akaahidi misumari. Misumari! Nikamnyang'anya mwenyekiti kipaza sauti (wengine wanasema hapo ndipo nilipokosea) nikauliza, "Mzee Petro, hao watoto watajifunika misumari?" Watu wakacheka, kicheko chao kikanipanda kichwani, nikasema, "Mimi mjane natoa mabati kumi. Yako nyuma ya nyumba yangu. Jumamosi njooni mchukue."

Na nilikuwa nayo, niliyanunua kwa ajili ya jiko langu, nikayafunika magunia, na magunia yale nilikuwa nayaona kila siku nikienda kuanika nguo. Kuyafunua sikuyafunua. Hatua kumi na tano tu, na sikwenda.

Jumamosi wakaja, kwaya inaimba, vigelegele, guta la kubebea mzigo linanguruma nyuma, na Mzee Petro na mkebe wake wa misumari. Mwenyekiti akashika magunia, akavuta. Mabua. Mabua ya mahindi, yamepangwa vizuri kabisa, kimo kilekile. Kwaya ikakatika katikati ya ubeti.

"Mama Marko," akasema Mzee Petro, taratibu kama mtu anayeonja chai, "na mabua nayo yanapigiliwa misumari?"

Mke wa mwanangu Marko alikuwa ameshika ufagio, akabaki anauangalia. "Mama, mabati yako kwa nguruwe. Marko aliezekea banda ulipokwenda Dareda kumuuguza dada yako. Alisema atakuambia." (Marko mwenyewe alishawasha pikipiki yake, hayupo. Na mimi banda lile silikanyagi, harufu yake inanishinda.)

Ningeweza kuingia ndani nikajifungia. Nikasema, "Pandeni mng'oe."

"Mama, nguruwe watanyeshewa," akasema mwenyekiti.

"Nguruwe wanapenda matope. Watoto wa Paskalina hawapendi. Pandeni!"

Wakapanda, wakang'oa, na bati la mwisho lilipotoka, kumbe mlango wa banda ulikuwa umefungwa kwa waya kwenye nguzo ileile ya paa, nguzo ikalala, mlango ukalala, jike kubwa likatoka na watoto wake wanane kupitia katikati ya kwaya, akina mama wanapanda juu ya guta, nami nikasimama njiani nimenyoosha mikono kama askari wa barabarani. Jike halikutii. Nikakaa chini, pale hasa ambapo asingekaa mtu mwenye akili.

Mzee Petro akaninyooshea mkono. "Inuka, mjumbe." Nikainuka mwenyewe.

Wala sikubadilisha nguo. Hivyohivyo nikapanda guta mpaka kwa Paskalina, nanuka, kwaya inafuata kwa mbali, maana ningebaki nyumbani mngesema nimejificha. Kule fundi akainua bati moja kulielekeza juani, matundu ya misumari ya Marko yakamulika kama nyota. Paskalina akashika mdomo. Ndipo Mzee Petro akafungua mkebe: misumari yenye vifuniko vya mpira. Fundi akasogeza mbao, kila tundu likaangukia kwenye ubao, likazibwa kwa msumari.

Jumanne mvua ilishuka. Nikaenda na mwavuli wangu, nikaweka kiganja sakafuni kwa Paskalina. Pakavu. Nikapita dukani nikamwambia Mzee Petro mbele ya wateja, "Misumari yako imetosha," nikaondoka kabla hajafurahi.

Kwa hiyo sikuapa kunyamaza kanisani. Niliapa kufunua magunia. Na Jumamosi ileile, Marko aliporudi jioni, alinikuta mlangoni na kitenge kimekauka matope, nguruwe wameshakamatwa, nikawaita wote wa nyumbani nikawaambia: "Pikipiki itoke stoo, nguruwe waingie. Na mwenye kuchukua kitu changu aseme kabla sijasimama mbele za watu, kwa sababu nikishakitaja kitatoka, hata kiwe juu ya vichwa vyenu mmelala."