Kepteni Gharib na Duara la Kinyoya

Mpira wa mwisho ambao Gharib Makame aliupiga akiwa kepteni wa Nansha Stars haukuingia golini. Ulipaa juu ya mwamba, ukaruka ua wa kiwanja, ukatumbukia kwenye mfereji ulio nyuma ya maghala na kuanza kuelea taratibu, kwenda kusikojulikana. Wachezaji sita waliosalia walisimama wakiutazama unavyokwenda zake, kisha wakacheka hadi wakakaa chini kwenye nyasi. Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Septemba, na joto la Guangzhou lilikuwa bado halijamwonea mtu huruma.

Timu iliitwa Nansha Stars kwa sababu, siku yoyote ile, nusu ya wachezaji wake walikuwa na kontena linalosubiri meli kwenye bandari ya Nansha. Waliianzisha wafanyabiashara wanane wa Unguja na Dar es Salaam waliochoka kukutana kwenye misiba na harusi tu. Baadaye wakaja wanafunzi, wakaja Wakenya. Kwa miaka kumi na miwili, ukiacha ile ya maradhi ambapo kila mtu alifungiwa ndani, haikupita Jumapili bila mtu kumfokea mwenzake "Toa mpira, bwana!" nyuma ya maghala yale. Gharib alikuwa mshambuliaji na kepteni tangu siku ya kwanza. Siku za kazi alikuwa mkaguzi wa suruali za jinzi. Wanunuzi wa nyumbani walimtuma kwenye viwanda vya Xintang, akavuta zipu, akapekua mishono, akazikataa zile zilizopauka vibaya. Kazi ilimpa riziki, lakini Jumapili ndiyo iliyompa jina. Mtaani kwake Xiaobei hata muuza nyama alimwita Kepteni.

Kisha watu wakaanza kuondoka, wala si kwa ugomvi, ni maisha tu. Mutiso, winga wao Mkenya, alihamia mji wa Yiwu. Theophil alimaliza shahada yake ya uzamivu akarudi Dodoma kufundisha. Wengine walihamishia biashara kwenye simu, wakawa wanaagiza mzigo huku wamekaa Kariakoo. Wa mwisho alikuwa Pandu, golikipa, rafiki yake tangu walipokuwa wakicheza miguu mitupu Kikwajuni. Mama yake Pandu alikuwa amezeeka, na Pandu akataka awe karibu naye. Mchezo ule uliokwisha kwa mpira kuingia mferejini ulikuwa wa kumuaga yeye.

"Kepteni, tafuta watu wapya," Pandu alimwambia walipoagana uwanja wa ndege.

Gharib alitafuta. Aliandika kwenye kundi la simu la Watanzania wa Guangzhou, akaeleza siku, saa na mahali. Walijibu wawili. Mmoja aliuliza kama kutakuwa na chakula cha mchana, na mwingine alidhani ni mpango wa kutazama ligi kwenye televisheni.

Swalha, mkewe, alizifua jezi zote akazianika kwenye kamba ya roshani. Zilikauka siku ile ile, lakini Gharib hakuzianua. Kila akitoka kuvuta hewa alizikuta zimening'inia, mikono imetanuka, akarudi ndani bila kuzigusa. Siku ya nne Swalha alizianua mwenyewe, akazikunja moja moja na kuziweka juu ya kabati. Usiku ule alimpikia pweza wa nazi, chakula ambacho kwa kawaida hupikwa kwao siku za sikukuu tu.

Jumapili iliyofuata Gharib aliswali alfajiri, akanywa chai, halafu akakosa la kufanya. Binti yao, Shifa, alikuwa chuoni Dodoma, na nyumba ilikuwa kimya. Akapanga viatu mlangoni. Akavipangua, akavipanga tena.

"Baba Shifa," Swalha alimwita kutoka jikoni, "hivyo viatu vinakwenda harusini?"

"Nasafisha tu."

"Hebu nenda sokoni ukanletee tangawizi. Na usirudi kabla ya saa nne. Leo n'nataka kufagia, na wewe umekaa kila mahali."

Akatoka. Na hapo nje, kwenye ngazi za jengo, akasimama. Kulikuwa na upepo. Ulikuwa mkavu na mwepesi, na mbingu, ambazo tangu Mei zilikuwa kama kifuniko cha chungu, zilikuwa zimepanda juu na kuwa buluu. Kwao Unguja mwezi wa Oktoba watu husubiri mvua za vuli. Vuli ya Guangzhou ni kinyume, mvua ndiyo inayofunga virago, na mji mzima unaonekana kama umetoka kuoga. Gharib alizungukia njia ndefu ya kupitia bustani ya Yuexiu. Miti ya guihua ilikuwa imechanua vile viua vyake vidogo vya manjano, harufu yake tamu kama asali iliyotiwa hiliki.

Chini ya miti hiyo wazee saba walikuwa wamesimama duara. Katikati yao kitu chenye manyoya mekundu kilipaa, kikashuka, kikapigwa kwa upande wa ndani wa kiatu, kikapaa tena kwenda kwa mwingine. Wachina hukiita jianzi: visahani vidogo vya mpira vilivyopangwa pamoja, na juu yake manyoya ya bata bukini yaliyotiwa rangi. Hakishikwi kwa mkono. Gharib alikuwa amepita hapo mara mia bila kukitazama. Safari hii alisimama, na guu lake la kulia likaanza kutikisika lenyewe.

Alitaka kuomba acheze. Tatizo ni kwamba Kichina chake kilikuwa cha viwandani. Angeweza kubishana saa nzima kuhusu zipu na rangi inayochuja, lakini maneno ya kuomba mchezo hakuwahi kuyahitaji. Akasema aliyokuwa nayo:

"Wakubwa, mnapokea oda mpya? Kuanzia vipande vingapi?"

Wazee wakatazamana, kisha wakaangua kicheko. Mwanamke mmoja mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi akampa nafasi kando yake. "Kipande kimoja kinatosha, laoban," alisema, akimwita bosi kama wanavyoitana sokoni. Aliitwa Mama Liang, mshonaji mstaafu, umri wake miaka sabini na mitatu.

Gharib alijipangusa mikono kwenye suruali. Moyoni alijua kitakachotokea. Alikuwa amefunga mabao ambayo watu waliyasimulia hadi Mombasa, na hawa walikuwa mababu na mabibi waliovaa sweta. Kinyoya kikamjia. Akakipiga.

Kilikwenda juu ya mti.

Mzee Feng, dereva wa basi aliyestaafu, mtu mrefu mwenye maneno machache, alikwenda nyuma ya benchi akatoa mwanzi mrefu uliokuwa umewekwa tayari kwa ajali za namna hiyo. Akakiangua. Mara ya pili Gharib alikipiga kikampata Mzee Feng kifuani. Mara ya tatu alikikosa kabisa, akageuka nusu duara na kukaribia kuanguka, na Mama Liang akamdaka kiwiko.

"Unakipiga kama kinakudai," alimwambia. "Man man lai. Taratibu, taratibu." Kisha akainama, akaushika upindo wa suruali ya Gharib, akaugeuza ndani nje. "Na mshono huu ni mbaya. Nani aliukagua?"

Gharib, ambaye ndiye aliyeukagua, alisema hajui.

Alirudi nyumbani saa tano, ametota jasho, mikono mitupu.

"Tangawizi iko wapi?" Swalha aliuliza.

"Nimepigwa."

"Ala! Nani kakupiga?"

"Ajuza wa miaka sabini na mitatu."

Swalha alimtazama kwa makini, akaona macho ya mumewe yanacheka kwa mara ya kwanza tangu Pandu aondoke. Akavaa baibui lake, akaenda kununua tangawizi mwenyewe.

Tangu hapo Gharib hakukosa. Jumanne alipita bustanini kabla ya kupanda treni ya kwenda Xintang. Alhamisi akapita tena. Alinunua kinyoya chake, cha manyoya ya kijani, akawa anafanya mazoezi jikoni Swalha akiwa ameinama kuosha mchele, mpaka siku kilipotua katikati ya sufuria ya mchuzi wa nazi na kusimama wima, manyoya juu.

"Gharib!" Swalha alipiga ukelele. Alimwita kwa jina lake tu pale alipokasirika kweli. Kisha akakitazama kile kitu kinavyozama polepole kwenye tui, akashindwa kujizuia, akacheka hadi akashika mlango.

Kilichomchelewesha Gharib hakikuwa miguu. Maisha yake yote alikuwa amejifunza kupeleka mpira pale ambapo mtu hawezi kuufikia. Hapa alitakiwa akipeleke pale ambapo hata Mzee Feng, mwenye nyonga iliyofanyiwa operesheni, angekipokea bila kuinua guu juu. Kila pigo ilibidi kwanza amtazame anayefuata: leo amechoka, leo anaumwa goti, leo yuko vizuri na anataka kitu kigumu. Ilimchukua majuma mawili. Asubuhi moja ya katikati ya Oktoba kinyoya kilizunguka duara zima, mtu hadi mtu, Mzee Feng akihesabu kwa sauti ya chini, sitini, sabini, themanini, na watu wengine bustanini wakaanza kusimama kutazama. Mia moja ilipotimia Mzee Feng, ambaye hakuwahi kuinua sauti, alipiga kelele kama abiria amekanyagwa, na wote wakapiga makofi. Gharib alijikuta amemkumbatia mtu ambaye hata jina lake hakulijua.

Siku hiyo alimpigia Pandu simu ya video. Pandu alikuwa amekaa barazani kwa mama yake, kavaa kikoi.

"Sasa mnafungana ngapi?" Pandu aliuliza baada ya kusikiliza yote.

"Hatufungani."

"Mshindi nani basi?"

"Hakuna. Kikianguka mnaanza upya."

"Yakhe, wallahi umezeeka."

"Mie? Hapa mie ndo kijana! Kule kwenye timu wale wanafunzi wakiniita babu. Hapa wananiita Xiao Ga, maana yake Ga mdogo. Juzi nilimkabidhi Mama Liang begi lake, akanambia nina adabu kwa mtoto wa umri wangu."

Pandu alicheka sana. "Timu huikumbuki?"

"Kila Jumapili naikumbuka. Nikivaa soksi tu naisikia sauti yako ukilalamika mabeki hawarudi nyuma." Gharib alikuna kidevu. "Lakini sikai tena ndani nimeikumbatia. Naamka, natoka. Na hewa ya huku sasa hivi, Pandu, ungeipenda. Ni kama mtu kakufungulia dirisha."

"Basi vizuri," Pandu alisema. "Vizuri sana, Kepteni. Mimi n'likuwa na wasiwasi nawe."

Mwisho wa Oktoba ikafika sikukuu ya Chongyang, siku ya tisa ya mwezi wa tisa kwa hesabu ya Kichina, ambapo watu wa Guangzhou huwaheshimu wazee wao na kupanda mlima ili mwaka uende vizuri. Duara lote lilikuwa linakwenda Mlima Baiyun, na Mama Liang alimwagiza Gharib amlete mkewe. "Tangawizi," alikuwa akimwita Swalha, kwa vile Gharib alikuwa amewasimulia.

Swalha alivaa baibui na raba nyeupe, akabeba chupa mbili za chai ya maziwa na bakuli la vitumbua. Njiani kulijaa familia nzima nzima, bibi kashikwa mkono huku na mjukuu huku, wengine wameshika maua ya krisanthemi ya manjano. Mama Liang alipanda kama mbuzi. Gharib, aliyekuwa amepewa mifuko ya wote kwa kuwa ndiye mdogo, alipumua kwa kinywa.

Walipofika kwenye uwanda wa kupumzikia, vitumbua vililiwa vikaisha kabla chai haijamiminwa. Mzee Feng alikula vitano, akauliza kwa ishara kama kuna kilichobaki. Kisha kinyoya kikatolewa, na Mama Liang akamvuta Swalha ndani ya duara.

"Mama Shifa, usihofu," Gharib alimwambia kwa sauti ya mwalimu. "Ukikikosa ni kawaida. Mimi mwenyewe mara ya kwanza—"

Kinyoya kilimjia Swalha chini sana na nyuma kidogo. Aliinua baibui kwa vidole viwili, akageuza guu, akakipiga kwa kisigino bila kukitazama. Kilipaa juu ya kichwa chake, kikashuka polepole mbele ya Mzee Feng, pale pale kwenye kiatu chake.

Duara likalipuka kwa kelele. Mama Liang alimpiga Swalha mgongoni kwa furaha, akasema maneno mengi ya Kikantoni ambayo si Swalha wala Gharib aliyeyaelewa.

"Umejifunza wapi?" Gharib aliuliza, kinywa wazi.

"Wewe ulipokuwa unacheza mpira Kikwajuni, ulidhani sisi watoto wa kike tukifanya nini uani? Tukicheza rede, kuukwepa mpira kutwa nzima, na mie hakuna aliyenipata." Swalha alishusha baibui, akarudi sehemu yake. "Na Alhamisi ukiwa Xintang, mimi na hicho chako cha kijani hatulali."

Walicheza hadi jua likageuka. Chini yao Guangzhou ilionekana yote, minara na barabara na mto, hewa safi kiasi kwamba ungeweza kuhesabu madirisha. Walipoanza kushuka, Swalha na Mama Liang walitangulia, wameshikana mikono, wakizungumza kila mmoja kwa lugha yake na kuelewana vizuri kabisa. Swalha aligeuka kwenye kona ya ngazi.

"Baba Shifa! Jumapili tutoke mapema. Mama Liang kasema nafasi ya kando ya Mzee Feng sasa ni yangu, wewe utahamia kule kwenye jua."

"Nani kakubali?" Gharib alipaza sauti, akarudia kwa Kichina, mifuko minne ikimning'inia mabegani.

Mzee Feng, aliyekuwa akishuka polepole kando yake, alinyoosha mkono juu.