Mchoraji Asiyetazama

Wifi wa mama mmoja anasomea uchoraji chuoni, na kesho ana mtihani wa penseli na karatasi, kompyuta haiingii. Akifeli tena atafukuzwa. Ndiyo maana mama huyu amempakata mwanawe mbele yake ili achorwe, na sasa subira imemwishia. Vidole vya wifi havitulii. Akikosea mstari, huigonga karatasi kwa vidole viwili kama anayebisha hodi, akingoja ujifute kama kwenye kompyuta. Ukigoma, husonya, ndipo akumbuke kifutio. Akitaka pua ikue, huibana karatasi na kuitanua. Macho yamegandia picha ya mtoto kwenye simu, na mtoto mwenyewe yupo pale pale anapiga chafya.

“Haya, tayari!”

Mama akatazama, akaguna. “Wifi, sikio la kushoto la mwanangu limejikunja tangu azaliwe. Hapa masikio yote yamenyooka.”

“Si nimezoea kuchora upande mmoja, wa pili kompyuta inaugeuza yenyewe.”

“Kwani mwanangu shati, afanane pande zote? Lete hiyo simu! Mwangalie mtoto.”

Wifi, ambaye kila siku humbeba mgongoni, akainua macho, akamkazia.

“Jamani,” akasema polepole, “kumbe ana kishimo shavuni?”