Ng'ombe wa Sita

Mimi nimeshindwa kutulia tangu utotoni. Hata kanisani husimama nyuma karibu na mlango, na mama yangu aliacha kunikemea zamani. Kibanda changu kiko Busia, upande wa Kenya, na nauza vyombo vya plastiki: mitungi, beseni, ndoo, mapipa ya maji. Kimejaa hadi mwenyewe nakaa nje. Mteja akitaka ndoo ya lita kumi, napanda juu ya kiti, naivuta, na vitu vitatu ambavyo hakuviulizia vinamwangukia miguuni.

Biashara ikichangamka, mkono unaniwasha. Pesa ikikaa mfukoni siku mbili, silali vizuri. Kwa hiyo nilikuwa nanunua ng'ombe. Na kwa kuwa ploti yangu haitoshi hata kufugia kuku, ng'ombe wote walikaa kwa rafiki yangu, katika kijiji cha Kisoko, ng'ambo ya mpaka.

Alianza kama mteja. Alikuja kununua pipa, tukabishana bei karibu asubuhi nzima, na safari iliyofuata akaniletea karanga. Ni mjane, mkulima, mwenye maneno machache na kicheko kirefu. Kwetu, pande zote mbili, mwenye ng'ombe asiye na malisho humpelekea rafiki amtunzie. Rafiki anakunywa maziwa na kupata samadi ya shamba, na mara mojamoja unamwachia ndama. Hakuna karatasi. Ukimpelekea mtu ng'ombe umemwambia kwamba unamwamini, na akimkataa amekutukana. Hilo nililijua tangu nikiwa mdogo. Sikuwahi kujiuliza anayepokea anafanya nini akishajaa.

Ng'ombe wangu wa kwanza alipofika, nilichinjiwa kuku. Waliofuata niliwanunua minadani hukohuko Uganda, mmoja baada ya mwingine, na kila mara nilimpigia simu kwanza. Kila mara alijibu vilevile: "Leta tu, dada. Majani iko."

Kwa huyu wa sita sikumpigia rafiki yangu hata simu. Ilikuwa msimu wa mvua ndefu, mwaka juzi. Nilimwona mtamba mwekundu mnadani, mgongo umenyooka, nikamnunua kabla sijamaliza kumzunguka. Nikakodi pikapu, na kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimesimama kwenye boma la rafiki yangu, najisikia mtu mkubwa.

Wangu watano walikuwepo. Maksai wake wawili, wale wa kulimia, ambao huwasemesha kwa heshima utadhani ni wakwe zake, hawakuwepo.

"Maksai wako wapi?"

"Hiyo imekwenda tembea kidogo," akasema, na kupokea kamba ya mtamba. Akamsifu mbavu, akamsifu macho. Alipokuwa akimfunga nikaona viganja vyake. Malengelenge yalikuwa yamepasuka, mengine mapya juu ya yale ya zamani.

Nikatazama nyuma ya nyumba. Mahindi ya jirani yalikuwa yamefika magotini. Kwake kulikuwa na kipande kilicholimwa kwa jembe, kisichozidi baraza la kanisa, na kwingine kote magugu.

"Mbona hujalima?"

"Nalima."

"Kwa mkono?"

"Mkono iko." Akacheka, akaingia jikoni kunichemshia chai.

Nani angekaa kuingoja chai? Nilitoka kwenda malishoni. Huko nikamkuta binti yake, aliyekuja nyumbani kutoka chuo kikuu cha Busitema anakosomea kilimo. Alikuwa na fito nne zilizofungwa zikawa mraba. Anazirusha, zinapoanguka anachuchumaa, anakata kwa mundu nyasi zote zilizo ndani ya mraba na kuzitia kwenye mfuko akazipime uzito.

"Mama yako anauza karanga akulipie karo, kumbe mnasomea kufyeka," nikamtania.

Hakucheka. Alinionyesha mfuko. Ndani kulikuwa na ngumi moja ya majani.

"Mama mdogo, hii mahali ilikuwa nalisha ng'ombe nne, mvua ikiwa mzuri. Mama alikuwa na yake mbili. Sasa wewe mtungi ya lita ishirini, unaweka lita thelathini?"

"Yatamwagika."

"Maji inamwagika, unaona. Majani haimwagiki. Ng'ombe inauma kabla haijapona, mzizi inakufa, inabaki ile kitu ng'ombe hataki. Inakwisha polepole na mtu ananyamaza."

Nilitazama chini. Ardhi nyekundu ilikuwa wazi hapa na pale, na kilichostawi ni magugu ambayo hata mbuzi hayagusi. Nimekuwa nikiuza vyombo miaka yote, kila kimoja kimechapwa lita zake ubavuni, na sikuwa nimeliona hili.

Ndipo akanieleza habari za maksai. Nilipoleta wa nne, mama yake alimpeleka maksai mmoja kwa kaka yake, kijiji cha Sop Sop. Nilipoleta wa tano, akampeleka na wa pili. Kwa desturi ileile. Na sasa kaka mtu alikuwa akiwalimia mashamba yake kwanza, na dada hakuweza kumharakisha, kwa sababu yeye ndiye aliyeomba wapokelewe.

"Na huyu mwekundu," akasema, "mama atatoa nini?"

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, na nakiri ilikuwa ya kumkasirikia rafiki yangu, si mimi mwenyewe. Chai ilikuwa mezani. Sikuinywa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nakuambia nini? Wewe umeniletea ng'ombe."

"Ungesema imetosha! Ningeelewa!"

Akayatazama malengelenge yake. "Ungeelewa, halafu hauji tena. Mtu ananiletea ng'ombe, namwambia hapana, atakuja tena kufanya nini huku?"

Hasira iliniishia palepale, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka.

Yule mwekundu aliondoka na pikapu ileile. Katika wiki hiyo nikawaondoa wengine wanne, nikawauza, nikamwacha yule wa kwanza tu. Siku nilipowatoa, rafiki yangu hakutoka nje. Majirani walisimama barabarani wakiuliza amenikosea nini, na kila nikieleza nilizidi kuharibu. Maksai walirudi kutoka Sop Sop, shamba likalimwa, lakini mvua nzuri ilikuwa imeshapita.

Kila mavuno huwa ananiletea gunia la mahindi kibandani, limeshonwa mdomo kwa sababu limejaa. Mwaka ule alikuja na gunia lilelile, amelifunga fundo katikati. Akaliegemeza kwenye mapipa.

"Imetosha, dada," akasema.

Nilijua upungufu wake bila kuupima, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Nilimshukuru, nikageuka nikajifanya natafuta ndoo, nikalia kidogo kati ya beseni. Mahindi yale niliyala yote.

Sijabadilika sana. Nilikipunguzia kibanda vyombo, na baada ya wiki mbili kilikuwa kimejaa tena. Mwaka huu biashara imechangamka na mkono umeanza kuwasha. Majuzi nilivuka, nikaenda Kisoko, nikamkuta anapalilia. Tukaongea haya na yale, kisha nikashindwa kujizuia.

"Dada, nikileta ndama mmoja tu? Mdogo?"

Aliacha jembe. Akatembea mpaka ukingo wa malisho, akainama, akapapasa nyasi kwa kiganja, hapa na pale. Alirudi taratibu.

"Hapana, dada," akasema. "Bado."

Kisha akanitazama usoni, kuona kama nitaondoka. Nikaketi chini kwenye udongo, nikamwomba chai.